Mnaizika AM, wavuvi wa Kilwa mmewauliza?

Jamani, siku hizi ukitaka kuchekwa Dar es Salaam, sema mbele za watu kwamba unasikiliza redio ya AM. Watakuuliza kama umeshuka jana na basi la Kusini. Mimi nimeshaulizwa hivyo na wala sikukasirika, maana Kusini natoka kweli, Kilwa Kivinje, ila basi lenyewe nilishuka nalo miaka sita iliyopita.

Hebu nikuulize swali dogo, mpenzi msomaji. Kwenye redio ya gari, karibu na kitufe cha FM, kuna kingine kimeandikwa AM. Ni lini mara ya mwisho ulikibonyeza? Wiki iliyopita nilifanya utafiti wangu wa mtaani pale Mbagala Rangi Tatu, nikawauliza madereva wanne wa daladala. Wawili walisema hawajawahi kukigusa. Wa tatu, kijana wa miwani myeusi, akanielewesha kwa upole kabisa kwamba hicho ni cha kurekebishia saa, eti AM ni asubuhi na PM ni jioni. Wa nne, mtu mzima mwenye mvi mbili tatu, akacheka mpaka akakohoa. "Binti yangu," akasema, "hapo ndipo nilipokuwa namsikiliza Ahmed Jongo akitangaza mpira. Sasa hivi ukibonyeza unasikia mbu tu."

Basi leo tuzungumze kuhusu hao mbu.

Kwa wenzangu wa rika langu ambao hawakuikuta, AM ndiyo ile ambayo watangazaji wa zamani waliiita mawimbi ya kati. Kwenye redio za babu zetu iliandikwa MW. Yenyewe inakaa chini, kati ya kilohezi 531 na 1602 hivi, wakati FM inakaa juu, megahezi 88 hadi 108. Tofauti yake siyo namba tu. Wimbi la FM linakwenda moja kwa moja kama mwanga wa tochi. Likikuta kilima linakwama, na pale dunia inapojipinda lenyewe linapitiliza juu kwa juu, wewe uliye chini hulipati. Wimbi la AM linatambaa. Linafuata mpindo wa dunia kama konokono anavyofuata ukuta, na likiyakuta maji ya chumvi ndiyo linapata raha yake, kwa sababu bahari hulipitisha vizuri kuliko nchi kavu. Usiku ndiyo usiseme. Sehemu ya wimbi inayopanda angani hudunda huko juu na kurudi chini mbali sana, ndiyo maana usiku redio ya AM hunasa stesheni za nchi za watu.

Haya, somo la fizikia limekwisha. Nilipata D, lakini hili nalijua kwa sababu nililiona nyumbani kabla mwalimu hajalichora ubaoni.

Redio ilianza kusikika Dar es Salaam Julai 1951, ikiitwa Sauti ya Dar es Salaam. Mwaka 1956 ikawa Shirika la Utangazaji la Tanganyika, na mwaka 1965 ikabatizwa jina ambalo wazazi wetu hawajaliacha mpaka leo, Redio Tanzania Dar es Salaam, RTD. Bara ilikuwa peke yake, jogoo mmoja wa kijiji kizima. Ili sauti ifike mikoani, vilijengwa vituo vya kurushia mawimbi ya kati huko huko: Arusha, Dodoma, Kigoma, Mbeya, Mwanza, Songea, na huku kwetu Kusini, Nachingwea. Ukisikia Nachingwea wengi wanakumbuka mradi wa karanga wa Waingereza uliokufa, au kambi ya wapiganaji wa FRELIMO. Sisi wa pwani ya Lindi tunakumbuka na mnara.

Nilipokuwa mdogo, miaka ya 2000 na kitu, RTD ilikuwa imeshabadilishwa jina na baadaye ikawa TBC. Lakini babu yangu mzaa mama, nahodha mstaafu wa jahazi, hakuwa na habari na majina hayo. Kwake ilikuwa ni "Redio Tanzania" mpaka anaingia kaburini. Alikuwa na redio ya National iliyovalishwa gamba la ngozi lenye matundu, inatumia betri nne kubwa. Betri zikichoka hazitupwi. Zinaanikwa juani juu ya bati, karibu na dagaa, na kazi ya kulinda vyote viwili visiibwe na kunguru na watoto wa jirani ilikuwa yangu.

Babu alikuwa na mchezo mmoja ambao wajukuu wote tuliupenda. Anafungua stesheni ya Dar, halafu anaigeuza redio polepole kama mtu anayegeuza chapati. Sauti inapungua, inapungua, mpaka inakaribia kupotea kabisa. Hapo anasimama na kunyoosha kidole: "Dar iko hukuu." Ndani ya redio ya AM kuna kijiti cheusi kilichozungushiwa waya mwembamba wa shaba, ndiyo antena yake. Ncha ya kijiti ikielekea kwenye mnara, sauti inazama. Ncha ni mbili, kwa hiyo redio haikwambii kama Dar iko mbele yako au nyuma yako, lakini nahodha anayejua bara iko upande gani hahitaji kuambiwa hilo. Babu alituapia kwamba usiku wa mawingu, nyota hazionekani, aliwahi kulirudisha jahazi kwa kutumia taarifa ya habari. Hakuielewa taarifa yenyewe ilisema nini, alichokuwa anasikiliza ni pale inapozama.

Sasa niambie, hiyo simu yako ya laki tano ikikosa mtandao inakuonyesha Dar iko wapi?

Pale Kivinje redio ilikuwa ni sehemu ya maisha kama kisima. Mtu akifariki Dar, hapakuwa na kundi la WhatsApp. Kulikuwa na matangazo ya vifo. Mtangazaji anasoma jina la marehemu, halafu anaorodhesha ndugu na jamaa popote pale walipo. Watu wazima walikuwa wanayasikiliza wakiwa wamekaa kimya, mkono shavuni, maana huwezi kujua leo zamu ya nani. Bibi yangu alizipata habari za msiba wa dada yake kwa njia hiyo. Aliacha kuchambua mchele, akajifunga kanga ya pili, akaenda kusubiri gari barabarani. Wakati ule barabara ilikuwa mbaya, Dar siyo pa kwenda na kurudi, lakini aliwahi matanga.

Na mwezi wa Ramadhani? Usiku wa kuamkia Idi mtaa mzima ulikuwa unahamia barazani kwa babu kusubiri tangazo kama mwezi umeandama au haukuandama. Watoto tunaomba uandame ili kesho tule pilau. Akina mama wanaomba usiandame kwa sababu nguo hazijatoka kwa fundi. Redio ikikwaruza kidogo, watu kumi wanamwambia babu wote kwa pamoja aigeuze upande wa pili.

Upande wa burudani nako tulijaliwa. Sauti ya Tanzania Zanzibar ilikuwa inapiga hodi usiku bila kubisha. Kuna mtambo wao wa Dole, kilohezi 11,735 masafa mafupi, ambao wasikilizaji wa mbali duniani waliujua kwa ajili ya taarab. Sisi tulikuwa majirani tu wa baharini, taarab tulikuwa tunaimeza na uji.

Usidhani redio ile ilikuwa ya kusikiliza na kusahau. Mwaka 1993 RTD ilianza mchezo wa kuigiza unaoitwa Twende na Wakati, kuhusu uzazi wa mpango na ukimwi. Watafiti walifanya ujanja mmoja. Kwa kuwa Dodoma ilikuwa na mtambo wake wa mawimbi ya kati, mpaka mwaka 1995 mtambo ule haukurusha mchezo huo, ukarusha vipindi vingine. Halafu wakalinganisha. Sehemu zilizousikia, watu waliongezeka kwenda kliniki za uzazi wa mpango kuliko kule ambako haukusikika. Yaani mtambo mmoja ukifungua au ukifunga mdomo, mambo ya chumbani kwa watu yanabadilika. Halafu mtu anakwambia redio ni makelele ya sebuleni!

Sasa nisije nikaonekana nasifu kila cha zamani kama mzee wa kijiweni. Mengine yalikuwa na kasoro zake. Jogoo akiwa mmoja, anawika anavyotaka mwenye banda. RTD ilikuwa mali ya serikali, na habari iliyomkera mkubwa ulikuwa huisikii, au unaisikia kutoka BBC. Ilipokuja sheria ya utangazaji ya mwaka 1993, redio za watu binafsi zikaruhusiwa. Mwaka 1994 ikaja Radio One, zikafuata nyingine, na vijana wa wakati ule walizipokea kama mvua baada ya kiangazi. Walisikia muziki wao, lugha yao ya mtaani, na watu wanaopiga simu kulalamika hewani. Nyingi zilikuwa za FM, ambayo haikwaruzi na muziki wake unang'aa. Hata Radio Free Africa ya Mwanza, ambayo iliwahi kujulikana mbali kwa mtambo wake wa mawimbi ya kati, kilohezi 1377, mjini watu waliitafuta kwenye FM. Marehemu Charles Hilary, aliyefariki Mei 2025, ni mfano wa safari hiyo. Sauti yake ilianzia RTD enzi ya mawimbi ya kati, ikahamia kwenye redio za binafsi na idhaa za nje, na kila alikokwenda wasikilizaji walimfuata.

Kwa hiyo FM haikuiba kitu. Ilishinda kwa haki. Na mjini AM inazidi kubanwa kwa sababu ambazo hata mimi nazielewa. Mtambo wa mawimbi ya kati ni mlaji. Unazungumzia kilowati 50 au 100, mnara mrefu kama jengo la ghorofa thelathini, na uwanja mpana wa kufukia nyaya za shaba chini. Katika jiji ambalo kiwanja cha kujenga banda la chipsi ni mamilioni, nani atauacha uwanja wote ule ukae na mnara mmoja? Tena siku hizi kila nyumba ina taa za LED, chaja za bei rahisi na vifaa vya sola, na vyote hivyo vinaitia AM kelele. Yule dereva aliyesema mbu hakukosea. Baadhi ya mbu wanatoka kwenye chaja iliyochomekwa pale pale ndani ya gari.

Na simu ndiyo zimepigilia msumari. Simu nyingi za vitochi zina FM ndani, unachomeka waya wa masikioni unasikiliza. Simu ya AM mimi sijawahi kuiona. Kijiti kile cheusi cha babu hakikai vizuri kwenye simu nyembamba.

Kuna kituko kimoja kwenye magari yetu ya mtumba kutoka Japani. Kule kwao FM inaanzia megahezi 76, na magari mengi yanayokuja kwetu yanaishia 90. Stesheni kibao za Dar ziko juu ya 90, kwa hiyo mtu akinunua gari tu anakimbilia kwa fundi kufungiwa kidude cha kuongeza masafa. Lakini AM ya gari lile lile inafanya kazi Tanzania bila kuguswa, hatua zake za kilohezi tisa tisa ni kama zetu. Yaani gari limekuja na AM iliyo tayari na FM isiyo tayari. Tukalipa hela kuitengeneza FM, AM tukaiacha ikae na mbu wake.

Wala siyo sisi peke yetu. Ujerumani na Ufaransa redio kubwa za taifa zilizima mawimbi yake ya kati mwishoni mwa mwaka 2015. Japani yenyewe, stesheni nyingi za biashara za AM zinataka kuhamia FM ifikapo mwaka 2028, na Februari 2024 baadhi zilianza kuzima kwa majaribio. New York, jiji la majiji, WCBS 880 iliyotangaza habari mfululizo tangu mwaka 1967 iliacha kazi hiyo Agosti 2024. Watengenezaji wa magari ya umeme walianza kuiondoa AM kwa sababu mota zao zinaikwaruza. Na hapo ndipo Wamarekani waliposhtuka. Mwaka 2023 ukapelekwa bungeni kwao muswada wa kulazimisha kila gari liwe na AM. Sababu waliyoitoa haikuwa muziki. Walisema kikitokea kimbunga, umeme ukakatika na simu zikafa, AM ndiyo inayobaki.

Neno hilo la kimbunga naomba ulishike, maana sasa narudi nyumbani.

Wazee wa Lindi wana hadithi ya Aprili 1952, kimbunga kilipoupiga mji wao. Redio ya Dar ilikuwa haijatimiza hata mwaka, na sauti yake ilikuwa changa. Bahari na upepo vilikuja bila kutanguliwa na tangazo. Kwa sisi wajukuu ilikuwa ni hadithi kama za majini tu, mpaka ilipofika Mei 2024 na kimbunga Hidaya.

Safari hii tangazo lilikuwepo. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitahadharisha siku kadhaa kabla, na boti za Dar na Unguja zikasitisha safari. Mimi nilikuwa Mbagala, nina bando, nina chaji, napokea picha za wingu lile linavyozunguka kama mkeka. Habari nilikuwa nazo nyingi kuliko nilivyohitaji. Aliyekuwa hana ni baba yangu mdogo.

Baba mdogo ni mvuvi. Wiki ile alikuwa dago, yaani kambi ya wavuvi, kwenye kisiwa kidogo upande wa Songosongo, yeye na wenzake sita. Nilianza kumpigia Alhamisi jioni. Hapatikani. Ijumaa asubuhi hapatikani. Mchana nikampigia mama, akasema na wao hawampati, na upepo umeshaanza kuzungumza na makuti. Jumamosi tarehe 4 kimbunga kikaingia. Sikulala. Nilikuwa naangalia lile wingu kwenye simu, nikilitazama lilivyokaa juu ya mahali ambapo najua kuna mtu wangu ndani ya kibanda cha makuti.

Jumapili mchana simu ikaita, namba nisiyoijua. Sauti yake: "Mwanangu, tupo Kivinje, tumeshiba." Nililia mpaka jirani akaja kugonga mlango.

Baadaye nilimuuliza alijuaje. Kumbe hakujua kwa simu wala kwa redio. Walikuwa na redio ndogo ya memori kadi, ina FM na AM zote mbili. FM ilikuwa inakwaruza, inakuja maneno mawili inapotea. Upande wa AM mchana ilikuwa ni ngurumo tupu, hakuna mtu. Aliyewaambia ni mchuuzi aliyefika na mashua Alhamisi kununua samaki. Aliwaletea barafu na habari. Akawaambia huko bara wanasema kuna kimbunga, mkibaki hapa shauri yenu. Wakakunja nyavu usiku, Ijumaa wakavuka. Simu ya baba mdogo ilikuwa imezimika chaji tangu Jumatano.

Msomaji wangu, hebu lipime hilo. Kuna satelaiti angani, kuna wataalamu Dar, kuna tahadhari imetolewa mapema kama inavyotakiwa. Halafu kipande cha mwisho cha safari, kutoka ufukweni mpaka kwa wanaume saba, kikabebwa na mtu aliyekwenda kununua changu. Angekuwa mgonjwa siku ile? Samaki wangeshuka bei, akaona safari hailipi?

Wala hatukumaliza hapo. Maji yaliikata barabara ya Kusini maeneo ya Somanga, Kilwa, na Lindi na Mtwara zikakaa siku kadhaa bila njia ya gari kwenda Dar. Barabara haijakaa sawa, Jumapili ya tarehe 12 Mei nyaya mbili za intaneti chini ya bahari zikapata hitilafu, mtandao ukasuasua nchi nzima. Ndani ya siku tisa tulipoteza lami na bando. Wanaosema kila kitu kipo kwenye simu wakati ule walikuwa wanazungusha kidole tu kwenye kioo.

Nitawaeleza kwa hesabu, maana kuna watu hawaamini mpaka waone namba. Mnara wa FM wa mita 100 ukisimama ufukweni, mtu aliye chini kwenye mashua unampata kwa kilometa 40 hivi. Zaidi ya hapo anaanza kuokoteza. Mnara wa simu mara nyingi ni mfupi kuliko huo. Mtambo mmoja mkubwa wa mawimbi ya kati ulio karibu na pwani, sauti yake juu ya maji ya chumvi hufika mamia ya kilometa mchana kweupe. Kutoka Mafia mpaka mpaka wa Msumbiji ungeweza kuhesabu mashua zinazousikia. Na anayesikiliza hahitaji laini, hahitaji bando, hahitaji mnara wa mtu. Anahitaji betri mbili.

Najua mwenye kalkuleta atanikatiza: nani atalipa? Swali zuri. Mwenye sabuni hatatangaza biashara yake kwa mvuvi aliye dago. Redio ya binafsi haiwezi kuwasha kilowati 50 kwa ajili ya watu wasionunua kitu kwa wiki mbili. Silaumu, biashara ni biashara. Ndiyo maana hili haliwezi kuwa jambo la biashara. Taa ya kuongozea meli haimwombi nahodha ankara, inawaka tu. Mawimbi ya kati ya pwani yanapaswa kuhesabiwa pamoja na taa hizo.

Na kama ni umeme, naomba niseme kwa adabu. Gesi ya Songosongo inatoka kwetu tangu mwaka 2004. Inapita kwenye bomba mpaka Dar kuzalisha umeme, na taa za watu zinawaka. Hatujasema tunadai. Lakini ikiwa gesi inaweza kutoka Kilwa kwenda Dar kila siku ya Mungu, basi sauti nayo inaweza kupewa umeme kidogo irudi Kilwa. Tena wenzetu wa India wameshafunga mitambo ya kidijitali kwenye mawimbi hayo hayo ya kati, ambayo inaweza kufikisha sauti kwa umeme pungufu. Tatizo ni kwamba inahitaji redio mpya, na redio hizo bei bado siyo ya mvuvi.

Ninachoomba siyo kikubwa. Sisemi mrudishe vituo vyote vya zamani, wala sisemi vijana wa Sinza waache FM yao. Jiji lifanye linalotaka. Ninasema hivi: kabla mnara wowote wa mawimbi ya kati haujauzwa chuma chakavu, aulizwe kwanza aliye mbali na mnara wa FM. Ubaki mmoja wenye nguvu kwa ajili ya pwani. Utangaze hali ya bahari kwa saa zinazojulikana, alfajiri na magharibi, ili mvuvi azizoee kama anavyozoea adhana. Na pale mashua inapokaguliwa kama ina maboya na jaketi okozi, iulizwe pia redio.

Baba mdogo nilimpelekea redio mwezi wa nane mwaka ule ule. Niliizunguka Kariakoo yote. Wauzaji walinionyesha zenye taa, zenye spika kama ngoma, zenye rangi zinazochezacheza. Kila nikiuliza ya mawimbi ya kati inayokamata vizuri, wananitazama kama nimeomba mafuta ya taa kwenye saluni. Mwishowe mzee mmoja wa Mtaa wa Uhuru alinitolea moja kutoka chini ya meza, ina kishikizo cha kuzungusha na kipande cha sola. Akanionya mapema: "Mashine nzima hii, mwanangu. Ila ya kusikiliza uitafute mwenyewe."

Mzee alisema kweli. Mashine ipo dago, inafanya kazi. Usiku baba mdogo anaokota sauti za mbali, nyingine Kiarabu, nyingine hajui ni lugha gani. Mchana, wakati wa kazi na wa hatari, kimya. Msimu wa mvua kubwa hauko mbali, na yule mchuuzi wa barafu nimesikia ameacha biashara ya samaki, siku hizi anaendesha bodaboda Nangurukuru.

Wenye mamlaka ya masafa, kalamu yangu imefika mwisho, mikono yenu ndiyo iko kwenye swichi. Wasomaji wangu, wiki njema.